Alama Tisa kwa Kilima Changu

Jumatatu, 4 Machi
Roketi itarushwa Alhamisi saa nne asubuhi. Kazi yangu ni kukisia darubini ya kuifuatilia angani itapata picha safi kiasi gani kwenye kilima changu. Hewa ikitulia, alama kumi. Hewa ikichezacheza, sifuri. Kilima chenye alama nyingi ndicho kinachopelekewa kikosi na darubini yake. Miaka miwili sasa kikosi kinakwenda kwa Profesa, mtabiri wa kilima cha pili. Profesa gani? Ana miwani tu! Mimi hapa nina kipimaupepo na viti vitano, na vinne havijakaliwa hata siku moja. Hesabu ya haki leo: nne. Nimeandika tisa. Liwalo na liwe!

Jumanne, 5 Machi
Profesa kaona tisa yangu, kapiga simu, kauliza kama nina homa. Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akakata. Nikajuta papo hapo, maana ndiyo simu pekee niliyopigiwa wiki hii. Nikampigia mimi, eti nimesahau kumsalimia shemeji. Hakupokea.

Jumatano, 6 Machi
Wamekuja! Wanne! Fundi wa darubini, ambaye ni mama asiye na mchezo, wapiga picha wawili na dereva. Dereva kaniita kaka. Nimeongea mpaka sauti imekauka. Fundi akauliza kama huwa naongea hivi siku zote. Nikasema hapana, huwa sina wa kuongea naye. Akaomba kikombe cha pili cha chai. Nusura nilie.

Alhamisi, 7 Machi
Salaala! Alfajiri upepo umegeuka, hewa imetulia kama maji mtungini. Uongo wangu umekuwa kweli! Fundi kanipa mkono, kasema kwa hewa hii watahamia hapa moja kwa moja. Kuhamia! Furaha ikanitoa akili. Nikabandika chai ya pongezi, na jiko la mkaa nikaliweka chini ya mdomo wa darubini, ili maongezi yasinipite. Mimi, mtaalamu wa hewa moto!

Roketi ikapaa. Kwenye skrini ikawa inajipinda na kutetemeka kama mlevi. Fundi akakagua lenzi, akakagua nyaya, mwisho akainama akaona jiko langu likichezesha hewa. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo kwa mpigo. Saa sita walikwisha fungasha. Dereva aliondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi
Kimya. Chai yao nimeinywa mwenyewe, yote, ya baridi. Upweke wa leo ni mbaya kuliko wa Jumatatu, kwa sababu sasa najua ninachokikosa.

Mchana mkuu wangu wa kazi kapiga simu. Kafoka. Kilima changu hakipewi darubini tena, na Jumatatu anamleta mkaguzi. Atakaa na mimi siku tatu, anifuate kila niendako, aandike kila kosa.

Siku tatu! Kila niendako!

Nikamwuliza mkuu kwa adabu: kosa la ukubwa gani huleta mkaguzi wa mwezi mzima? Akakata simu. Haya, nitaanza na dogo nione.