Saa Tisa Kamili, Mstari wa Mbele

Jumamosi, 10 Agosti

Tumefika Ravenwyke. Karavani salama, gari salama, heshima salama. Nyumba hiyo ya magurudumu nimeikokota mwenyewe kwa gari kutoka Wakefield, tukaivuka nyika nzima, nyuma yetu msururu wa magari ishirini na sita (binti yangu Lorna ameyahesabu). Watu hupenda kumfuata dereva anayejua njia.

Nafasi yetu hapa kambini ni namba 14. Nimeingia kwa rivasi moja tu. Sawa, ilikuwa ndefu, ya dakika arobaini. Nyuma yangu alikuwa akingoja mtu wa namba 15, jina lake Clive Ogden. Alishuka na kikombe cha chai akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia asante, sihitaji. Akabaki palepale akinitazama na kunywa chai yake. Ilipofika zamu yake akatoa rimoti mfukoni, akabonyeza, na karavani yake ikajisogeza yenyewe mpaka mahali pake. Watu wakapiga makofi. Kwa rimoti! Mimi hubadilisha stesheni za televisheni kila siku na hakuna anayenipigia makofi.

Jumapili, 11 Agosti

Mvua. Tumeshinda ndani wote wanne: mimi, mke wangu Hilary, Lorna mwenye miaka kumi na mitano na simu yake, na mama mkwe wangu, Bi. Edna. Tangu mumewe, mzee Wilf, afariki miaka miwili iliyopita, Bi. Edna huketi dirishani, na ukimuuliza jambo lolote anasema yeye hana neno.

Baada ya chai Hilary akaweka karata mezani akatangaza kwamba Ijumaa tutapiga kura. Karavani ibaki au iuzwe. Ikiuzwa, mwaka ujao tunakwenda Hispania na dada yake, hotelini, penye jua. Kura zikilingana, anaamua yeye. Nikauliza kwa upole nani amemchokoza.

“Miaka kumi na tisa, Ron,” akasema. “Miaka kumi na tisa nasikiliza mvua juu ya bati hili, na wewe unaniambia mbingu inaanza kutakata.”

Nikachungulia nje. Mbingu ilikuwa inaanza kutakata. Sikusema.

Kwa hiyo nahitaji kura tatu, na ninayo moja. Karavani hii ilikuwa ya mzee Wilf. Yeye ndiye aliyenifundisha kuikokota, na aliniachia funguo zake mkononi, si mezani. Naandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu: ikiuzwa nitalia.

Lakini haitauzwa. Nina akili.

Jumatatu, 12 Agosti

Mkakati wa kwanza: uzuri wa nyika. Mwezi huu maua yamefunika vilima vyote, zambarau mpaka macho yanachoka. Nani angeona hayo akapiga kura ya Hispania?

Hatukuyaona. Ukungu ulipanda kutoka baharini tukaona kondoo mmoja. Alikuwa amelala katikati ya barabara. Hapa kondoo ndio wenye njia, kwa hiyo hatukupiga honi, tukangoja. Baada ya nusu saa nikashuka kuzungumza naye. Alikula mkate wangu wenye jibini pamoja na karatasi yake, akalala tena. Lorna amepiga picha ya tukio lote na kuwatumia rafiki zake. Bi. Edna akasema Wilf angemwongezea achari. Ni maneno mengi kuliko aliyosema tangu Pasaka! Nimeyahesabu kama ushindi.

Jumanne, 13 Agosti

Mkakati wa pili: kuongeza sebule. Nimefunga turubai la ubavuni ili Hilary apate mahali pa kunyoosha miguu. Upepo ukaja. Turubai likaenda namba 15.

Clive amelirudisha likiwa limekunjwa. Amelikunja vizuri kuliko ninavyolikunja mimi, pembe kwa pembe. Huu ni uchokozi wa waziwazi. Hilary akamshukuru kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipooana.

Jumatano, 14 Agosti

Nimepata! Hilary analalamika kwamba pwani hapati nafasi nzuri. Watu huamka alfajiri, wanachomeka vitambaa vyao vya kukinga upepo mchangani, wanazungushia kipande chao kama shamba la babu, halafu wanarudi kulala. Tukifika sisi, tumebanwa ukutani karibu na vyoo.

Dukani nimenunua kijitabu cha nyakati za maji kujaa na kupwa. Kesho maji yatafikia ukomo saa tisa alasiri. Sasa fikiri. Mtu wa kawaida huogopa bahari. Mimi nitafika saa tisa kamili, nitaona maji yameishia wapi, na nitaweka viti vyangu hatua mbili tu juu ya hapo. Mstari wa mbele! Kuanzia dakika hiyo bahari inarudi nyuma na ufuo wote unakuwa wangu.

Clive aliona kijitabu mkononi mwangu akauliza, “Umekumbuka kuongeza saa moja, Ron?” Nikacheka moyoni. Anataka nichelewe ili nafasi aichukue yeye. Lorna naye akasema simu yake inasema saa kumi. Nikamweleza kwamba bahari ilikuwepo kabla ya simu. Chini ya ukurasa kuna maandishi madogo, lakini kikombe changu cha chai kimeacha duara palepale, na kwa vyovyote maandishi madogo ni ya watu wasioelewa yale makubwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimevaa nguo ya kulalia ya Hilary. Suruali zangu zote zimeanikwa.

Saa tisa kamili tulikuwa ufukweni. Ilikuwa kama nilivyosema! Watu wote wamejibana juu chini ya ukuta, na mbele yao mchanga mtupu, mpana, unaningoja mimi. Niliwahurumia. Nikapima hatua mbili kutoka majini, nikachomeka kitambaa changu, nikapanga viti vinne, kikapu, chupa ya chai, keki. Bi. Edna nikampa kiti cha mbele kabisa, akasinzia. Hilary akatazama huku na huku, akakubali kwamba nafasi ni nzuri. Alisema hivyo. Lorna ni shahidi.

Saa tisa na dakika kumi maji yakagusa kidole changu cha mguu. Nikasema ni wimbi la mwisho. Saa tisa na ishirini likaja jingine la mwisho. Lorna akasogeza kiti chake nyuma. Kule ukutani watu walikuwa wamesimama, wengine wameshika aiskrimu. Nikajitia hamnazo nikamimina chai. Nilikuwa nawaeleza jinsi mwezi unavyovuta bahari wakati keki ilipoondoka.

Halafu likaja kubwa. Kitambaa, kikapu, kiatu changu kimoja, vyote. Nikageuka nikaona Bi. Edna ameinuliwa pamoja na kiti chake, anakwenda upande wa Denmaki, ng'ambo ya bahari, ameshikilia kikombe.

Nikajitupa majini nikashika mguu mmoja wa kiti. Clive alitokea, akaingia majini na suruali yake, akashika mwingine. Tukamvuta mpaka mchanga mkavu, nikaanza kuomba radhi, na sikuweza kumaliza, kwa kuwa Bi. Edna alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kupumua. Hilary alidhani analia, akamkumbatia, halafu wakacheka wote wawili, na Lorna akaangusha simu.

Clive amesema vitabu hivyo huandikwa kwa saa za majira ya baridi, na kiangazi saa zetu zote tumezisogeza mbele kwa saa moja, kwa hiyo saa tisa ya kitabu ni saa kumi yetu. Nimemshukuru. Mtu aliyelowa kwa ajili yako hukatishi maneno yake.

Ijumaa, 16 Agosti

Kura. Tumepiga kwa kunyoosha mikono. Nilikuwa nimeandaa hotuba, Hilary akaniomba niketi.

Bi. Edna ndiye aliyesimama. Alisema amekwisha kwenda Hispania mara mbili na huyo binti yake mwingine. Jua lilikuwepo, chakula kilikuwepo, na hakucheka hata siku moja. Akasema mwaka ule wa kwanza wa ndoa yao Wilf alimkalisha mahali palepale, akiwa na kijitabu kama hicho, na maji yakachukua kofia yake, wakaiokota siku ya pili. “Nilidhani wameisha watu wa namba ile,” akasema, akinitazama. “Naomba msiniuzie karavani yangu.”

Mkono wa Lorna ukapanda, akiitazama simu yake tu. Wa Hilary ukapanda mwisho, polepole, na macho yake yalikuwa mekundu. Kura nne kwa sifuri!

Nililia kidogo. Nimesema ni chumvi ya jana.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumefunga virago. Nimetoka namba 14 bila rivasi hata moja, na Clive ametupungia mkono. Nimempungia pia, lakini kwa kiasi.

Njiani nimeupitia mpango wangu kwa utulivu. Ulikuwa kamili. Kosa ni la bahari: ilichelewa saa nzima. Na Clive, Mungu ambariki, hesabu haijui. Mtu akichelewa huongezi muda, unampunguzia. Mwaka ujao kijitabu kikisema saa tisa, nitatoa saa moja, tutafika saa nane, na nafasi itakuwa pana zaidi.

Bi. Edna ameuliza kama anaweza kuja na rafiki zake wawili wa kanisani. Nimemwambia awalete. Mstari wa mbele huwa mtupu, nami nitawapangia viti mwenyewe.