Feni, Chaki na Kitone cha Kijani

Jumatatu, 19 Januari

Habari mbaya kabla hata ya chai. Bosi wetu hapa kampuni ya pampu, Voula, ametuita mimi na Colin Tscharke. Kuanzia Februari dawati la malalamiko (mimi) na dawati la vipuri (yeye) yanaunganishwa. Dawati moja, kiti kimoja. Ijumaa atasema nani anakalia. Atakayekosa atatafutiwa nafasi ghalani Lonsdale, akaongeza, kwa sauti ile ya kumpa mtoto dawa.

Ghala la Lonsdale halina kiyoyozi. Wanaopelekwa kule tunawaona kwenye sherehe ya Krismasi tu, wamekauka kama biskuti, wanasimama karibu na barafu.

Na haya yote wiki ya mbio! Wiki moja kwa mwaka Adelaide inapata waendesha baiskeli wa dunia nzima, na mimi nimekaa natetemekea kiti. Alhamisi wanapanda kilima mara mbili. Sijawahi kukosa. Lakini joto likipanda, pampu za jimbo zima hufa kwa pamoja, simu hazikatiki, na ruhusa haitolewi. Haitolewi kabisa. Sijauliza, lakini najua.

Heather, mke wangu, kasema si nikaulize tu. Heather ni muuguzi. Mambo ya ofisi hayajui.

Jumanne, 20 Januari

Nimepata njia. Alhamisi ni siku yangu ya kufanyia kazi nyumbani. Huko kinachojulisha kama upo ni kitone kando ya jina lako kwenye kompyuta. Ukigusagusa kipanya, kitone kijani. Ukikiacha, kinageuka njano, na Voula huviangalia vitone vyetu kama mtu anayechungulia chungu jikoni.

Kwa hiyo kipanya kisitulie. Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe kule bandani kwa vipande vya kompyuta nyingine. Inanguruma kama mashine ya kufulia lakini haijawahi kuniangusha. Nimeiweka karibu na feni ile inayogeuza shingo. Nikachukua soksi ndefu ya Heather, upande mmoja kwenye shingo ya feni, upande wa pili kwenye kipanya.

Jaribio la kwanza: feni iligeuka, kipanya kikaruka, kikampata mbwa wetu, Biskuti. Mpaka sasa hajanisamehe. Nikafupisha soksi. Sasa mshale kwenye kioo unakwenda kushoto, unarudi kulia, taratibu, utadhani kuna mtu anafikiri. Kitone kijani muda wote. Nilikaa nakitazama mpaka macho yakaniuma.

Heather alisimama mlangoni akataka kujua soksi yake imefanya kosa gani. Nikamweleza. Akasema nje ni joto la arobaini na moja na feni pekee ya nyumba hii inampepea panya wa plastiki. Nikamfungulia dirisha.

Jumatano, 21 Januari

Colin amenyoa miguu! Kaja ofisini na kaptura, miguu inang'aa kama ya waendesha baiskeli wenyewe, plasta mbili kwenye muundi. Colin huyu huyu aliyeniuliza mwaka jana kwa nini wasipewe pikipiki tu wakafika mapema. Anajua Voula alishindana ujanani. Baiskeli ya Voula inaning'inia ukutani nyuma ya kiti chake, kila mtu anaiona.

Voula akacheka mpaka akavua miwani. Akamuuliza huwa anaendesha wapi. Hapa na pale, kasema Colin. Hapa na pale! Nikaingilia kusema mimi nafuatilia mbio tangu yeye Colin yuko chekechea. Voula akasema, najua, Murray, umeshaniambia. Halafu akabaki ananitazama, kama anasubiri niendelee. Nikatoka.

Kwenye kahawa Colin akaniuliza kesho niko wapi. Dawatini, nikamwambia, nyumbani, wapi pengine. Akasema, wiki ya mbio halafu dawatini? Pole sana, mzee wangu.

Mzee wangu. Tumepishana miaka kumi tu. Usingizi leo sidhani.

Alhamisi, 22 Januari

Nimewasha feni, nikafunga soksi, nikamwachia Biskuti maji, huyo kilimani. Nzi, vumbi, harufu ya mikaratusi, watu wameketi kwenye viti vya kukunja tangu alfajiri. Nilijisikia kijana. Kila baada ya muda nachungulia simu: kijani. Oo, kompyuta yangu mimi!

Hapa kwetu anayewahi kilimani huandika barabarani kwa chaki, jina la mtu wake, baiskeli zipite juu yake. Nikaandika LACHIE TWENDE, herufi ndefu kuliko mimi. Lachie Brandt ni kijana wa Mount Barker, tumemwona anakua. Mama mmoja jirani yangu akanikumbusha kwamba aliyeandika hutia sahihi na mtaa wake, ndio ustaarabu. Kweli. Chaki ilikuwa imebaki. Nikatia jina langu la ukoo na mtaa wangu: PFITZNER, MAGILL. Kubwa kiasi, helikopta ya televisheni isipate shida.

Sasa sikia. Nainua kichwa, naona nani? Colin. Saa za kazi. Amevaa vazi zito la koala, yule mnyama wetu wa Australia mwenye manyoya, kichwa cha koala kakibana kwapani, jasho linamtiririka, ile miguu iliyonyolewa iko nje. Anacheza ngoma katikati ya barabara na watu wanamshangilia.

Kiti changu kile, kinanijia chenyewe! Nikampiga picha, safi, mchana kweupe. Nikamtumia Voula hapo hapo na maneno machache ya staha: kwamba nasikitika kuwa mimi ndiye wa kumletea habari hii, ila nimeona ni haki yake kujua wenzetu wako wapi wakati wengine tuko dawatini.

Baiskeli zikapita. Lachie alikuwa wa tatu kutoka nyuma. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka.

Wakati wa kushuka nikanunua kahawa baridi ya maziwa, nikaketi kivulini, nikaifungua ile picha niifaidi tena. Colin katikati. Kichwa cha koala kwapani. Na chini ya miguu yake, nyeupe juu ya lami, herufi moja moja: PFITZNER, MAGILL.

Kahawa ilinipalia. Mama mmoja akanipiga mgongoni. Nikajaribu kuifuta picha lakini Voula alikuwa ameshaiona. Kitone changu bado kijani. Nimejipa moyo kwamba huenda hana miwani karibu.

Ijumaa, 23 Januari

Alikuwa na miwani.

Picha aliichapa, akaiweka mezani katikati yetu. Colin aliomba ruhusa, kasema Voula. Jumatatu, amesimama pale mlangoni, hata hajakaa. Akapewa nusu siku. Nikasema sikujua kwamba ruhusa zinatolewa. Voula akasema alitenga nusu siku mbili, ya pili yangu, maana anajua nilivyo na mbio hizi. Jumatano alinisubiri niseme neno. Nilizungumza habari za chekechea.

Halafu akasema jambo ambalo sitaki kuliandika, ila naandika. Kiti kilikuwa changu. Colin hatofautishi pampu ya kisima na ya bwawa. Mpaka jana mchana kilikuwa changu. Asiyejua pampu atafundishwa, akasema, lakini anayemchongea mwenzake akiwa amesimama naye barabara moja, huyo yeye Voula hajui amfanye nini.

Nikaanza kueleza kwamba jana nilitoka kidogo tu, kwa mapumziko ya chakula. Voula akanigeuzia kioo cha kompyuta yake. Mimi niko pale mbele yake, ofisini, mikono magotini, na kando ya jina langu kitone ni kijani.

Feni. Sikuzima feni.

Lonsdale. Wala si Februari: Jumanne hii, sikukuu ya Jumatatu ikipita.

Jumapili, 25 Januari

Heather hakupandisha sauti. Alifungua soksi, akaichukua feni, akaipeleka chumbani kwetu. Akarudi, akakaa karibu yangu. Akasema Lonsdale si kitu, watu wanafanya kazi Lonsdale. Kinachomuuma ni kwamba nilikuwa na neno moja tu la kusema na nikaona afadhali nifunge panya kwenye feni. Nililia kidogo. Biskuti aliinuka akaenda kulala kwingine.

Colin kanitumia ujumbe. Ananipa pole, na anauliza kama naweza kumfundisha habari za mbio, maana Voula anamuuliza maswali na majibu yamemwishia. Nimemwambia anyoe na mikono.

Nimeamua kubadilika. Nimemwandikia Voula kumwomba radhi kwa moyo mkunjufu. Mwishoni nimegusia kwamba koala alinipiga kumbo kidogo kwanza. Hakunipiga kumbo.

Jumanne, 27 Januari

Lonsdale. Joto kama ndani ya tanuri la mkate. Hakuna kompyuta, hakuna kitone. Msimamizi ni Dulcie, mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi. Utaratibu wao: kila mtu ana kibati chenye namba yake. Ukiingia unakitundika ubaoni, ukitoka unakitoa. Kibati kipo, mtu yupo. Ndiyo hivyo tu.

Dulcie kaniambia amesikia napenda baiskeli. Mwezi ujao kuna mbio za klabu hapa pwani, siku ya kazi. Nikitaka kwenda nimwambie tu, yeye hamnyimi mtu, mradi aambiwe. Nikamshukuru sana. Nikamwambia hakuna haja, mimi kazi kwanza.

Jioni nimeingia bandani na kipande cha bati. Kibati cha pili kimetoka kizuri kuliko cha kwao, namba ile ile, tundu lile lile. Atakayetembea karibu na ule ubao atakula kiapo kwamba niko ndani.

Nilipomaliza nikakigeuza. Nyuma palikuwa patupu, na mkono ulikuwa bado na msumari. Nikatia sahihi. Ndogo tu.