Nyumba ya Ng'ambo Yenye Roshani Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Nyumba ya ng'ambo, roshani mbili, bustani, na bahari inaonekana ukisimama juu ya kiti. Muuzaji katuma picha kumi na saba. Nilizitazama zote hapa kinyozini hadi mteja akanikumbusha kwamba nimemnyoa nusu. Shemeji, kaka yake mke wangu, ana fleti ya ng'ambo yenye roshani moja. Moja! Na kila akija lazima atuonyeshe. Sasa atakoma.

Mama watoto kanikata maini kidogo. Nyumba itanunuliwa kwa kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yake, na kasema hatii saini mpaka nyaraka zisomwe na mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu ni mimi. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kuna wakili hunyolewa kwangu kila Jumatano. Kwake ukikaa tu kitini unalipa. Kwangu analipa yeye! Kesho namfunga shuka shingoni, namuuliza taratibu, anajibu bure. Maswali manne nimeshayaandika. Jamani, nina kichwa!

Jumatano, 5 Machi
Mambo safi! Karibu yote. Niliuliza kama mgeni anaruhusiwa kumiliki nyumba kule. Akasema sheria za kule zina wenyewe, nisikisie. Nikauliza kuhusu hati. Akasema nihakikishe ina jina la muuzaji. Nikauliza kuhusu malipo ya awali. Akasema nisitume hata senti kabla ya kujua hayo mawili.

Tatizo ni kwamba ili asiinuke ilibidi mashine iendelee kutembea. Yeye alitaka kupunguzwa pembeni tu. Nilipofika swali la nne, yaani nani anisimamie kule, nywele zilikuwa zimekwisha. Akajitazama kiooni. Akauliza kama ninajua kuwa kesho anasimama mbele ya jaji. Akaondoka na shuka langu. Haidhuru, swali la nne nitajijibu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mambo yamejipa! Muuzaji kasema ana wakili wake, mtu mpole sana, atanisimamia na mimi, bure. Wakili mmoja kwa pande zote mbili, hakuna kubishana! Alinipigia hapohapo. Sauti yake na ya muuzaji ni ileile. Nadhani watu wa kule ndivyo walivyo. Kasema hati imefichwa mahali salama mno, hata yeye hajaiona. Huo ndio uangalifu!

Nikamwambia mama watoto kwamba mtaalamu amepatikana. Akauliza wa upande gani. Nikasema wa pande zote. Akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Machi
Mnunuzi wa kiwanja alifika saa nne. Karatasi mezani, kalamu tayari, na mimi nimevaa koti. Mara mama watoto akaingia na wakili. Yuleyule! Kofia hadi masikioni. Kumbe Alhamisi alikwenda ofisini kwake, akalipa, na wakili akamtuma mwenzake wa kule kwenda kubisha hodi.

Aliyefungua ni mzee mwenye nyumba. Hauzi. Hajawahi kuuza. Muuzaji wangu ni fundi aliyempakia rangi roshani zake, akapiga picha wakati wa mapumziko.

Mama watoto akaichana karatasi. Mnunuzi akaomba njia. Nilitaka kulia, nasema kweli. Kilibaki kiasi cha saini moja, na jasho la mama mkwe wangu lingekwenda na maji. Nikamwomba mke wangu msamaha mbele ya watu. Akasema nivue koti nikafungue kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari siku mbili nzima kosa langu lilikuwa wapi, na nimeliona: nilikuwa upande wa wanunuzi! Leo asubuhi nimetundika kibao mlangoni: USHAURI WA KITAALAMU, NYUMBA ZA NG'AMBO. Nani mwenye uzoefu kunishinda?

Kabla ya saa sita nimepata mteja, mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo chote mkononi. Kaona nyumba nzuri kule na ana haraka. Akauliza kama atafute wakili. Nikamwambia asijisumbue, nimeshaongea na muuzaji mwenyewe kwa simu, na ni mtu mwema kabisa.