Waganda Wangu wa Skuta

Jumatatu, 10 Oktoba 1977

Leo bahati imenikumbuka. Daktari Murugi wa chuo kikuu amemaliza utafiti wake juu ya Waganda waliokimbilia huku kutoka Uganda, wanaochuma kahawa kwa kibarua cha siku. Sasa anataka matokeo yawafikie wananchi na serikali. Nani wa kuandaa baraza? Mimi, msaidizi wake! Likifana, nafasi ya kudumu ni yangu. Si ya Kihara, mkalimani wetu, ambaye sifa yake kubwa ni koti.

Daktari amesisitiza tukutane Jumapili baada ya kanisa, ili vibarua wenyewe waje. Nimeitikia kwa heshima zote. Kisha nimepanga Alhamisi. Jumapili Bwana D.O., afisa wa serikali wa tarafa yetu, hucheza gofu. Daktari nimemwambia ni amri ya D.O., na D.O. nimemwambia ni ombi la Daktari.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimekwenda kwenye shamba la Mathenge, karibu na Kiganjo. Gaudencia, yule Mganda aliyejibu maswali yote ya Daktari, amekataa kuja. Anasema ukikosa langoni asubuhi moja, kesho yake unakuta mwingine ameshika debe lako la kuchumia. Visingizio! Mtu anaitwa na serikali, yeye anawaza debe.

Jumatano, 12 Oktoba

Akili ni mali. Nimejitafutia Waganda wengine. Ni majirani zangu hapa mtaani Skuta, wakiongozwa na Watiri muuza mboga za sukuma wiki. Kazi yao: kukaa mbele, kuonekana wamechoka, kutosema Kikuyu. Malipo: wali kwa nyama saa sita. Watiri alitaka tuandikiane. Nilicheka. Jirani na jirani, karatasi ya nini? Nyama sijaipata bado, lakini Mungu yupo.

Alhamisi, 13 Oktoba

Balaa! Na asubuhi ilianza vizuri. D.O. aliwatazama Waganda wangu kwa huruma. Daktari alimtafuta Gaudencia kwa macho. Nikamnong'oneza kwamba ana homa. Saa sita ikafika, ikapita. Nyama hakuna. Saa nane, Daktari bado akieleza chati zake, Watiri alisimama.

"Wamae, ulisema tutakula saa sita. Saa hii ni saa nane, na hata karatasi hatuna ya kuonyesha umetuandika."

D.O. akauliza mwajiri wao ni nani. Vidole vyote vikanielekea, hata cha mzee niliyemwagiza asinzie. Kihara akatafsiri yote kwa Kikuyu, ingawa hakuna aliyemwomba. D.O. akasema sasa shida ya vibarua wa Uganda ameielewa kuliko kwa chati, akanitaja kama mfano wa waajiri wabaya wa wilaya hii. Daktari alifunga mkoba wake taratibu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Daktari ameniachisha kazi. Kwa mdomo tu, kando ya posta! Hakuna notisi, hakuna barua. Nimeuliza juu ya mkataba, nikaambiwa hatukuwahi kuandikiana. Na mimi nimemtumikia msimu mzima wa kahawa! Msomi anayewalilia vibarua mbele ya serikali, nyuma anatenda hivi? Nafasi amepewa Kihara. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 16 Oktoba

Gaudencia amekuja Skuta, miguu imejaa matope. Mathenge alisikia kwamba Waganda wamelalamika mbele ya D.O. Jana amewafungia lango wote.

"Bwana Wamae, nasikia nilikuwa kwa baraza," alisema. "Nilisema nini?"

Nilimmiminia chai. Aibu ilinishika kweli.

Lakini aibu haijengi nyumba. Nimempa kazi. Nitaitisha baraza langu mwenyewe kule Murang'a, wilaya jirani, juu ya wasaidizi wa utafiti wanaofukuzwa kwa mdomo. Unyama huu lazima serikali iujue! Gaudencia atapanga viti, kisha atakaa mbele kama msaidizi aliyeonewa. Wali kwa nyama, saa sita kamili.

Ameuliza kama tutaandikiana. Nimemwambia haina haja, sisi tunajuana.