Ukurasa wa Tatu wa Hukumu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Likizo. Bibi Mwajabu amenituma dunguni, kwenye jukwaa la miti kondeni, kufukuza ndege, mpunga umeiva. Mafuriko yalifuta mpaka, sasa jirani, Mzee Abdulatifu, anadai jaruba la mwisho ni lake. Ndilo linalotulisha mpaka masika. Ijumaa tumeitwa baraza la kata. Bibi hata chakula hali vizuri.

Habari njema: juu ya dungu mtandao unashika. Mama kaniazima simu. Kuna tovuti ya hukumu za mahakama, kusoma ni bure. Sijui watu wanatafutia nini mawakili.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata! Mahakama Kuu, wakulima wawili, mpaka umekwenda na maji. Ukurasa wa tatu: aliyelima miaka kumi na miwili mfululizo asiondolewe. Bibi amelima thelathini. Nikalia kidogo.

Bando limeishia hapo. Kurasa zote ni kumi na moja, ila jambo lenyewe nimelipata.

Ndege wengi leo. Niliwaona baadaye.

Jumatano, 11 Juni
Nimenakili ukurasa wangu kwa mwandiko wa mtihani. Bibi kauliza mbona sauti yangu haisikiki kondeni. Nikasema ninalitetea shamba. Akasema shamba linatetewa kwa kombeo. Bibi hajasoma sheria.

Sabra, mjukuu wa Mzee Abdulatifu, tuko naye kidato cha tatu. Kapita na mtumbwi, nikamwonyesha jina la kesi aone wivu. Kalinakili kiganjani. Wivu huo.

Ijumaa, 13 Juni
Baraza, baada ya swala. Nilisoma nimesimama. Mwenyekiti akavua miwani.

Sabra akaomba nafasi, akasoma ukurasa wa kumi na moja. Kumbe maneno yangu yalikuwa ya mkata rufaa. Jaji aliyarudia tu kabla ya kuyakataa.

Mwenyekiti akasema, “Mwanangu, umemletea mwenzio ushahidi.” Wakacheka wote, hadi karani. Bibi alishika tu upindo wa kanga.

Wakaamua twende kondeni. Bibi akachimba pembeni kwa jembe, akafukua kigingi cha mkoko, alama ya mpaka wa zamani. Mzee Abdulatifu akakitazama sana. “Shemeji, hiki nilikipiga mimi na marehemu mumeo.” Akaacha madai.

Mwenyekiti akapapasa masuke ya jaruba letu. Nusu matupu. Akauliza wiki nzima nani alikuwa dunguni.

Jumamosi, 14 Juni
Bibi kanirudisha dunguni. Kanikabidhi kombeo.

Kosa langu nimelijua: hukumu inasomwa kuanzia mwisho. Leo nimepata kesi ya mifugo iliyokula mazao, nikafungua ukurasa wa mwisho kwanza. Mkulima kashinda! Bando likaisha. Inatosha, maana ndege wanaokula mpunga wetu wanalala kwenye miti ya kina Sabra. Ninaandika madai ya fidia.

Naona wengine wametua jarubani. Nikimaliza aya hii nitawafukuza.