Chipu ya Wote, Isipokuwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Ramani ya chipu yangu, ile ya kuchora picha kwenye skrini, imekamilika! Makampuni hufungia zao kama uchawi wa ukoo. Yangu ni huria: ramani yote iko mtandaoni, mwenye macho aisome, aibadilishe atakavyo; leseni yangu inadai tu anitaje. Kiwanda kitatengeneza bure chipu moja huria, mwisho wa kutuma ramani ni Ijumaa. Moja! Nani kama si mimi? Nikaijaribu kwenye kompyuta. Nikaiamuru ichore pembetatu. Ikachora, kichwa chini. Mke wangu akauliza kama imelewa. Nikamjibu dunia ndiyo iliyopinduka.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Shemeji, kaka yake mke wangu, mwalimu wa hesabu mwenye miwani kama vitako vya chupa, amechukua ramani yangu akaisimamisha pembetatu. Kwa kubadilisha mstari mmoja tu! Eti mimi nahesabu kutoka chini, na skrini huhesabu kutoka juu. Mwizi! Mke wangu akasema si niliandika mwenye macho aisome? Nikasema sikumaanisha macho manne.

Jumatano, 5 Machi
Nimeongeza kifungu kwenye leseni: ruksa kwa binadamu wote, isipokuwa shemeji. Nikatuma ramani kiwandani. Hata mlango wazi una kizingiti!

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaja mwenyewe. Kakalia kiti changu. Akanisihi, shemeji yangu, kiondoe kifungu kile, kitatuponza. Tutume ramani moja, yako pamoja na sahihisho langu. Nikamwambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Akasema zizi lenyewe linaungua. Nikamfungulia mlango atoke.

Ijumaa, 7 Machi
Kiwanda kimekataa! Chipu inayombagua hata mtu mmoja, wanasema, si huria. Wamechukua ya shemeji, aliyoituma dakika za mwisho. Nikamvamia kwenye ofisi ya walimu, ngumi tayari. Akanionyesha ramani: jina la kwanza, langu. Eti leseni yangu ya zamani inamlazimu kumtaja aliyeanzisha. Walimu wakanipigia makofi. Nikapunga mkono. Ngumi ilikuwa bado imekunjwa.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kaniamuru nimshukuru kaka yake. Nimemshukuru, kwa sauti. Kisha nikakaa kuandika leseni ya chipu ya pili, isiyo na ubaguzi hata chembe. Ruksa kwa binadamu wote! Mke wangu akachungulia begani, akacheka, akasema tumpelekee kaka aikague kwanza.
Nimeongeza: isipokuwa shemeji na dada yake.