Panya Wanaokataa Kula

Jumatatu, 4 Machi
Mkataba unaisha Ijumaa. Daktari wa maabara atabakiza mtunza panya mmoja tu: mimi au Kipara. Panya wa Kipara wanachomwa sindano ya maji ya chumvi matupu, wanafakamia kama wamealikwa harusini. Wangu wanachomwa homoni ya utumbo, ile inayouambia ubongo kwamba tumbo limejaa. Wanakitazama chakula, wanakipa mgongo. Mifupa mitupu! Kipara kaniuliza mbele ya wafagiaji kama nafuga panya au kamba za viatu. Wakacheka mpaka wakashika ukuta.

Jumanne, 5 Machi
Homoni ni kazi ya daktari. Unene ni heshima ya mtunzaji. Daktari alipoingia kikaoni, nikawapaka panya siagi ya karanga midomoni, mmoja mmoja. Wakalamba! Jioni mke wangu akauliza nani kamaliza siagi. Nikasema panya. Akasema, mume wangu, siku hizi hata uongo umekuishia. Nimelala bila kusemeshwa.

Jumatano, 6 Machi
Wameanza kunona. Wakisikia viatu vyangu wanasimama kwa miguu ya nyuma. Kipara kasema nanukia vizuri. Wivu huo!

Alhamisi, 7 Machi
Daktari kawapima. Kabadilisha mizani, kawapima tena. Kisha akakaa juu ya ndoo. Nikasimama wima kungoja pongezi. Akasema, kaka yangu, hawa ndio waliotakiwa kukonda. Eti homoni yake ni bure, ujana wake wote kaumalizia humu. Sauti ya mtu aliyefiwa. Nilitaka kusema habari ya siagi. Nikamletea chai.

Ijumaa, 8 Machi
Utafiti umefungwa. Kipara kaachishwa, kaondoka na ndala zake mkononi, hakunitania. Panya wameuawa kwa gesi. Nilipowabeba walinyanyua midomo kuelekea vidole vyangu. Sikuweza kutazama. Daktari, macho mekundu, kasema mimi peke yangu nilijitoa kwa moyo. Kaniombea kazi kwa mwenzake, kwenye sungura.

Jumatatu, 11 Machi
Sungura hawa wanachomwa homoni ya njaa. Wanakula mpaka aibu! Msimamizi mpya atasema nawalea ovyo. Kosa langu la wiki iliyopita nimeliona: niliwanenepesha mno. Leo nimeanza kuwanyang'anya chakula, kidogo kidogo, asipoangalia.